Kufuli Haizuii Upepo



Leo nataka tuzungumzie vifuniko. Ukisimama mapema pale Kiahungu, yaani mjini Mukurweini penyewe, utaona pikipiki zikipita moja baada ya nyingine. Hii ina mitungi miwili ya maziwa, mmoja huku na mmoja kule. Ile ina sanduku la bati la mikate. Daktari wa mifugo naye anapita na makasha mawili ya plastiki ubavuni, la dawa na la vifaa. Anayemfuata amening'iniza mikoba ya turubai pande zote mbili za keria, kama shogi ya punda wa Lamu. Kila chombo hapo kina mdomo, na kila mdomo una kifuniko. Sasa teremka na barabara ya Karatina au ya Nyeri, macho yako yakiwa mtaroni. Usishangae kukuta kifuniko kimelala huko peke yake, cha mtungi au cha kasha, au mlango mzima wa sanduku, bawaba moja ikiwa bado imeushikilia ubao uliong'oka.

Ukimuuliza mwenyewe ilikuwaje, atakujibu, "Lakini nilikuwa nimefunga na kufuli!" Na huenda hakudanganyi. Alifunga. Tatizo ni kwamba kufuli ilitengenezwa kwa ajili ya mwizi, na mwizi huja chombo kikiwa kimesimama. Chombo kikianza kwenda, wanaokinyemelea kifuniko ni wengine kabisa: upepo, mtetemo, matuta, na mzigo wenyewe ulio ndani. Hao hawahitaji ufunguo.

Kabla sijafika huko, niseme kwa nini jambo hili ni letu sisi wa upande huu kuliko watu wa sehemu nyingine. Mukurweini ni nchi ya migongo. Ardhi inashuka kutoka Nyandarua kuelekea mashariki, na mito imeichanja mabonde marefu. Ukitaka kwenda Nyeri lazima uteremke hadi mto Gura, unaosifika kwa kasi ya maji yake, kisha upande tena ng'ambo. Hakuna safari ya tambarare hapa. Mzigo unaposhuka unasukuma mbele, unapopanda unarudi nyuma, na katika kila kona unaegemea upande mmoja. Kifuniko kinashiriki safari hiyo yote.

Na mizigo yetu ni ya vyombo. Maziwa yanatoka bomani asubuhi na jioni kwenda kituo cha kukusanyia. Hapa kwetu kuna kampuni ya wakulima wenyewe, Mukurwe-ini Wakulima Dairy, iliyoanza kama kikundi cha kujisaidia mwaka 1990, na tangu hapo maziwa yamekuwa mshahara wa nyumba nyingi. Ikifika Oktoba hadi Desemba, kahawa inaiva, na pikipiki zilezile zinabeba magunia ya matunda mekundu kwenda viwandani. Kuna maparachichi, kuna makadamia, kuna trei za mayai. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc, mwaka 2008, kazi iliyokuwa ya punda, ya mkokoteni na ya mgongo wa mama imehamia kwenye Boxer na TVS.

Pikipiki hizo zilikuja na keria ndogo tu. Vilivyobaki tumeviunda wenyewe. Fremu za kuning'inizia mitungi, vyuma vya kushikilia masanduku, makomeo, bawaba, vyote vinatoka kwa fundi wa juakali mwenye mashine ya kuchomelea na kipimo cha macho. Nawaheshimu sana mafundi hao, na ndiyo maana leo nina neno nao. Tuanze na upepo.

Ukiendesha kilomita 80 kwa saa, upepo unaokukabili unasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya kilo 25 hivi, kwa hewa yetu hii nyepesi ya mlimani. Chukua kifuniko cha kawaida cha sanduku la nyuma, sentimita 40 kwa 40. Upepo ukipata upenyo wa kuingia chini yake, unakinyanyua kwa nguvu ya kilo 4. Utasema kilo 4 ni kitu gani. Haya, mpe mtoto wako kamba iliyofungwa kwenye komeo la bati, umwambie aivute kwa kilo 4 bila kupumzika, kutoka Mukurweini hadi Nyeri, kisha utazame riveti zake. Na upepo hauvuti sawasawa kama mtoto. Mkipishana na lori, hewa inakuja kwa pigo moja, inaachilia, inarudi. Habari njema ni kwamba nguvu hiyo hupungua upesi kuliko mwendo. Ukishusha kasi kwa nusu, hadi kilomita 40, nguvu inabaki robo, kilo 1 tu. Kijana aliyepanda Gikondi hadi Mukurweini kila siku bila shida, siku anayoingia lami ya Karatina na kuachilia mwendo ndiyo siku kifuniko kinapomwaga.

Hapo ndipo swali la bawaba linapoingia, na hapa nina msimamo mkali. Bawaba ya kifuniko cha juu inatakiwa kuwa mbele, upande wa mgongo wa dereva, na komeo liwe nyuma. Ikiwa hivyo, hata komeo likiachia, upepo unakigonga kifuniko kwa juu na kukirudisha chini. Ikigeuzwa, bawaba nyuma na komeo mbele, mwanya ukitokea wa upana wa kidole tu, upepo unaingia kama mgeni aliyealikwa, unakipindua kifuniko chote na kukikunja hadi bawaba zing'oke. Watengenezaji wa magari wanaijua hofu hii. Boneti za magari mengi zina bawaba upande wa kioo, kwa hiyo mdomo wake unautazama upepo, na kwa sababu hiyo hiyo zimewekewa ndoano ya pili. Unavuta kishikio ndani ya gari, boneti inanyanyuka kidogo tu, na bado inakubidi uingize vidole uisake ile ndoano ndogo. Ndoano ile ipo kwa ajili ya siku komeo la kwanza litakaposhindwa gari likiwa mwendoni.

Nimeyaona masanduku mapya yanayoigwa kutoka Nairobi, yale makubwa ya kupelekea watu chakula, yenye mlango wa nyuma badala ya kifuniko cha juu. Yanapendeza. Kwa mji wa tambarare sina ubishi nayo. Lakini mpandishe mtu na sanduku la namna hiyo kutoka Gura, limejaa mikate au soda. Mzigo wote unarudi nyuma na kuuegemea mlango, na mlango unaegemea komeo moja la shilingi chache. Kwa milima yetu sanduku la kufunguka juu linafaa zaidi, na kama ni lazima liwe la mlango wa nyuma, basi liwekwe kizuizi ndani, ubao au wavu, mzigo uegemee hicho na mlango ubaki na kazi yake ya kufunika tu.

Sasa mtetemo. Injini ya pikipiki hizi ina silinda moja. Ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, hiyo ni mara 75 kwa sekunde moja, na kila mzunguko unapeleka mtikisiko mdogo kwenye fremu, fremu inaupeleka kwenye keria, keria kwenye sanduku, sanduku kwenye komeo. Ongeza mawe na makorongo ya barabara zetu za udongo. Nati iliyokazwa vizuri Jumatatu huwa imeanza kulegea kabla ya wiki kwisha, na riveti iliyopigwa kwenye plastiki nyembamba inalipanua tundu lake polepole hadi kichwa chake kinapita. Mwenye pikipiki haoni kitu, kwa maana kifuniko bado kinafunga. Anasikia tu kelele mpya, tak-tak-tak, anaongeza sauti ya redio.

Na hapa ndipo kufuli yenyewe inapogeuka adui. Kufuli ya shaba iliyoning'inia kwenye komeo ina uzito. Kila tuta inaruka, inarudi, inapiga. Ni nyundo ndogo uliyoinunua mwenyewe. Tazama sanduku lililotumika mwaka mmoja: chini ya kufuli rangi imekwisha, bati limebonyea, na tundu la komeo lililokuwa duara limekuwa refu kama tundu la sindano ya gunia. Siku moja pini inapita. Kufuli utaikuta imefungwa vilevile, ufunguo uko mfukoni, na kifuniko kiko Karindundu.

Komeo linataka mvuto. Ukilifunga, libane, lisikie kazi kidogo. Yale makomeo ya kukunja, yenye kijiti kinachovuta na kulala ubavuni, ni mazuri kwa sababu hiyo, nayo yanapatikana kwenye maduka ya hadiwea ya Karatina na Nyeri. Lakini hata komeo la kawaida linaweza kupewa mvuto kwa njia rahisi. Kata utepe wa mpira wa tyubu, ubandike kwa gundi kuzunguka mdomo wa sanduku. Kifuniko kikikaa juu yake, mpira unakisukuma juu, komeo linakivuta chini, na kati ya hao wawili hakuna nafasi ya kucheza. Faida ya pili ni kwamba vumbi la Januari na mvua ya Aprili havipiti. Kwa nati, nunua zile zenye pete ya plastiki ndani yake, au weka nati mbili, moja iibane nyenzake. Penye plastiki, weka washa pana ndani na nje, ili nguvu isikusanyike kwenye tundu moja. Na kufuli, kama huna budi kuiweka, ivishe kipande cha tyubu iache kugonga.

Nisisahau vumbi. Watu wengi wakiona kufuli inakwama wanaimwagia oili chafu ya injini. Inafunguka siku hiyo, wiki ijayo vumbi limekamata oili na kufanya uji wa kusaga chuma. Paka unga wa penseli kwenye ufunguo, uuingize na kuuzungusha. Penseli ya mtoto wa shule inatosha.

Turudi kwenye maziwa, maana huko ndiko hasara inakoonekana kwa macho. Mtungi wa lita 50 ukijaa, maziwa peke yake yana uzito wa kilo 51 na ushee. Miwili ni zaidi ya kilo 100 zinazoning'inia, juu ya uzito wa dereva. Kifuniko cha mtungi wa alumini kinakaa kwa kubanwa na pete ya mpira iliyo chini yake. Pete hiyo ikiwa mpya, utahitaji kukipiga kifuniko kwa kiganja ili kiingie. Ikizeeka, inakauka, inapasuka, na kifuniko kinaingia chenyewe kwa ulaini ambao vijana wanausifia bila kujua kwamba kitatoka kwa ulaini huohuo. Wengine wanaweka karatasi ya nailoni kati ya kifuniko na mdomo ili kibane. Kinabana kweli. Ila nailoni hiyo ilikuwa na nini jana? Labda sukari. Mnunuzi akipima maziwa na kuyakataa, mfuko huo wa sukari umemla mkulima mshahara wa siku.

Debe shinda haliachi kutika, na mtungi wa nusu ni mbaya kuliko uliojaa. Maziwa yakiwa nusu yana uwanja wa kuchezea. Yanakimbia mbele dereva akifunga breki, yanarudi nyuma akipanda, na kila mara yanakipiga kifuniko kwa chini. Zaidi ya hayo, yanasukwasukwa hadi siagi inaanza kuganda juu. Kwa hiyo kama una lita 50 na mitungi miwili, usizigawanye nusu kwa nusu katika mitungi mikubwa ati usawazishe pikipiki. Tafuta mitungi midogo miwili inayojaa. Bodi ya Maziwa ya Kenya imekuwa ikihimiza mitungi ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu badala ya plastiki, kwa ajili ya usafi. Mimi naongeza sababu ya pili: mtungi wa chuma una shingo imara inayokishika kifuniko, lakini jerikeni ya plastiki ikipigwa na jua mdomo unalegea, na kifuniko cha kuzungusha kinaruka mstari.

Kila kifuniko cha mtungi kiwe na mnyororo mfupi unaokiunganisha na mkono wa mtungi, kwa nje. Mnyororo hauzuii kifuniko kufunguka, unakizuia kupotea. Hata sanduku la nyuma linahitaji mnyororo wake, au waya wa breki uliochakaa, fundi yeyote atakupa. Lakini upime! Mnyororo wa kifuniko cha pembeni ukiwa mrefu, kifuniko kikifunguka kitaning'inia hadi kwenye spoki za gurudumu la nyuma, na gurudumu likikamatwa ghafla kwenye mteremko, dereva hatakumbuka tena habari za maziwa. Kiachie kwa mkono pikipiki ikiwa imesimama, ulizungushe gurudumu, uone kinafika wapi.

Gurudumu limenikumbusha kamba. Hapa steji zetu zimegawanyika kambi mbili: wa tyubu na wa kamba za kuvutika zenye ndoano za chuma. Mimi niko na wa tyubu, na sioni haya. Ile yenye ndoano ni ya haraka na ina rangi nzuri, lakini ndoano ikiponyoka wakati unaivuta, inarudi ikielekea usoni, na jicho halina spea. Tena ndoano inashika ukingo wa sanduku mahali pamoja padogo, tuta moja linatosha kuirusha. Utepe wa tyubu unazunguka chombo chote, unabana mwili mzima wa kifuniko, unavutika kidogo bila kuachia. Udhaifu wake ni jua na mafuta. Ukiona nyufa ndogondogo juu yake kama matope yaliyokauka, utupe.

Lakini uufunge ukijua pande za pikipiki yako. Kwa Boxer na TVS, cheni iko kushoto na eksosi iko kulia. Mkia wa mpira ukiachwa unaning'inia kushoto, cheni itaumeza. Ukiachwa kulia, eksosi itauchoma taratibu, hutajua mpaka ukatike, na kwa kawaida hukatika mlimani, injini inapopata moto. Mkia uchomekwe chini ya utepe uliokazwa, usiachwe kupepea. Kasha la plastiki la upande wa kulia nalo lisiwe karibu na bomba. Plastiki ikilainika inapinda, na kifuniko kilichokuwa sawa na mdomo wake jana leo kinakaa upande.

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kulitatua, nalo ni kujaza kupita kiasi. Mazungumzo ya namna hii mnayajua:

"Shosho, sanduku limejaa. Haya maparachichi mengine tuyaache, nitayarudia."

"Kijana wangu, bonyeza tu. Kitafunga. Lori la mnunuzi halitanisubiri."

Kijana anabonyeza, anakalia kifuniko, kinafunga. Shosho ameridhika. Lakini sasa maparachichi yote yanakisukuma kifuniko juu, bila kupumzika, na upepo haujaanza hata kazi yake. Kifuniko ambacho lazima ukikalie ili kifunge kimekwisha kukuambia ukweli. Kijana, una haki ya kumjibu shosho kwa heshima kwamba safari ya pili ni ya bei nafuu kuliko parachichi thelathini barabarani. Na shosho, kama unanisikiliza, usimlaumu.

Msidhani kwamba ni sisi tu tunaohangaika. Wenye pikipiki kubwa za kifahari huko Marekani na Ulaya, zenye makasha yanayogharimu zaidi ya Boxer nzima, nao hupoteza vifuniko njiani. Kule Italia, mwaka 1978, Giuseppe Visenzi, aliyekuwa mwanamashindano wa pikipiki, alianzisha kampuni ya Givi, na makasha yake yamesambaa dunia nzima. Yale mnayoyaona Nairobi yenye umbo la kobe mengi ni nakala ya wazo hilo. Hata makasha ya kiwanda yanataka kukaguliwa. Komeo la plastiki linachakaa, mpira wa ukingo unajikunja, mtu anakisukuma kifuniko anasikia mlio wa kufunga na kumbe upande mmoja tu ndio ulioshika. Mlio si ushahidi. Karibu zaidi na sisi, huko Lesotho, shirika la Riders for Health liliwatuma wapanda pikipiki milimani kuchukua sampuli za damu na makohozi kutoka zahanati na kuzipeleka maabara. Fikiria kifuniko cha sanduku hilo kikiachia kwenye mteremko: kinachomwagika ni majibu ya mgonjwa anayesubiri, na atatembea siku nzima tena kuja kutoa sampuli nyingine. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa mtu kutumaini tu.

Na hapa Kenya, nani anatazama vifuniko? Polisi wa trafiki wanatazama kofia na jaketi la kuakisi mwanga, na idadi ya abiria, kwa kuwa sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Ni haki yao. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza pia chombo au mzigo kuwa katika hali ya kuhatarisha watu wengine, ila sehemu hiyo huamka mzigo ukishaanguka. Nadhani kazi hii inafaa zaidi kwa vyama vya steji. Steji ina mwenyekiti, ina zamu, ina faini za kuchelewa na za kugombana. Iongeze faini moja: anayetoka na kifuniko kinachocheza, arudi nyuma ya foleni hadi akifunge. Hakuna haja ya kusubiri mbunge.

Maana anayelipa mara nyingi si mwenye kifuniko. Bati la sentimita 40 likiruka kutoka kwenye pikipiki, linamfikia anayefuata nyuma. Yeye hakulifunga, hakulijaza, hakujua hata lipo. Anaweza kuwa mwenzako wa steji mwenye abiria, au mtoto anayetembea ukingoni kwenda shule. Ndiyo sababu sikubali kabisa mtu akisema, "Ni sanduku langu, ni hasara yangu."

Sasa nina maombi. Kwako fundi: mteja akija na sanduku, usimuulize tu kufuli itakaa wapi. Muulize anabeba nini na anapitia wapi, kisha umwekee bawaba mbele, makomeo mawili badala ya moja, na mnyororo mfupi. Kama hana pesa za makomeo mawili, mwekee pete mbili za kupitishia utepe wa tyubu juu ya kifuniko. Ni vipande viwili vya nondo na dakika chache za kuchomelea. Kwenu wasimamizi wa vituo vya maziwa: pete za mpira za vifuniko ni kitu kidogo, wekeni akiba pale pale kituoni, mkulima akatwe kwenye malipo ya mwezi. Anayeleta mtungi wenye pete iliyopasuka aondoke na pete mpya siku hiyohiyo, asiambiwe aitafute Karatina.

Na wewe dereva, kesho alfajiri kabla hujawasha, kishike kifuniko kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine. Kivute juu, kisha kisukume pembeni. Kikicheza, kaza. Ukifika barabarani, simama baada ya kilomita chache za kwanza ukivute tena, kwa sababu mzigo huwa umeshaketi na kamba imelegea. Utepe wa tyubu unapatikana bure kwa fundi yeyote wa matairi pale Kiahungu. Mwombe mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.